Pangaboi Lililopinda Angani

Kiti cha nyuma ya rubani katika ndege ndogo ya Cessna Caravan kina jambo moja ambalo viti vingine havina: ukinyoosha shingo kidogo unaona, kupitia kioo cha mbele, nusu ya juu ya pangaboi linalozunguka mbele ya pua ya ndege. Kwa macho halionekani kuwa pangaboi tena. Huonekana ukungu mwembamba wa mviringo, na bahari na visiwa hupita nyuma yake bila kuzibwa. Tulikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, safari ya dakika 20 hivi, jua la saa nne asubuhi likiwa limeshakolea, nami nikatoa simu nikaupiga picha ukungu ule kwa sababu ulinipendeza. Nilipoitazama picha sikuukuta ukungu. Nilikuta vipande vyeusi vilivyopinda kama ndizi: upande wa kushoto vingi na vyembamba, upande wa kulia kimoja kinene kilichojikunja kama mundu, na kando yake kingine kilichoelea hewani peke yake bila kushikamana na chochote.

Bibi aliyeketi jirani yangu alikuwa akiichungulia simu tangu nilipoitoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili abiria wengine wasitaharuki, "Mwanangu, hilo pangaboi limekatika?"

"Hapana, bibi, liko zima. Ni kamera tu imelichora hivyo."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kamera haichori, mwanangu. Kamera inapiga."

Nimelirudia neno lake mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndani yake limo kosa lote ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo kwa miaka mingi, ingawa nilikuwa nikila kwa kazi ya kamera. Lugha yetu inasema kupiga picha, kama mtu anavyopiga muhuri: mkono unashuka mara moja, na alama yote inabaki kwenye karatasi kwa pigo lilelile. Tunaiamini picha kwa msingi huo. Tunaamini kwamba kila kilichomo ndani yake, kuanzia pembe ya juu mpaka pembe ya chini, kilikuwa hivyo kwa wakati mmoja. Kamera ya simu, na kamera nyingi za dijitali zinazouzwa leo, hazifanyi kazi kwa namna ya muhuri. Zinafanya kazi kwa namna ya mshona mkeka.

Aliyewahi kuketi na mama anayeshona mkeka anajua kwamba mkeka haufumwi wote kwa pamoja. Husukwa kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha ukili huo hushonwa mzunguko baada ya mzunguko, upande kwa upande, mpaka upana unaotakiwa utimie. Ukiutazama umekwisha unaona kitu kimoja, lakini ukingo wa mwanzo una siku kadhaa zaidi ya ukingo wa mwisho. Kihisi cha kamera, yaani kile kibati kidogo kilichoko nyuma ya lenzi ambacho hugeuza mwanga kuwa umeme, kina mistari ya vitone vya kupokea mwanga, na picha ya megapikseli 12 ina mistari 3,000 hivi, kila mmoja ukiwa na vitone 4,000. Mistari hiyo haisomwi kwa pamoja. Husomwa wa kwanza, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu, mpaka wa mwisho. Katika simu ya kawaida kazi hiyo yaweza kuchukua milisekunde 20, ambazo ni sekunde moja ikigawanywa mara 50. Kwa hesabu hiyo kila mstari unapata chini ya mikrosekunde saba. Ni muda mfupi mno kwa mstari mmoja, lakini mistari 3,000 ikijumlishwa, mstari wa chini kabisa unachukuliwa milisekunde 20 baada ya ule wa juu kabisa, na ndani ya muda huo vitu vingi duniani vinaweza kuhama.

Hapa ndipo wapiga picha wengi, hata wenye uzoefu, hukwama. Simu ilinionyesha kwamba picha ile ya pangaboi ilipigwa kwa muda wa sehemu moja ya 4,000 ya sekunde, na mtu atauliza kwa haki: muda mfupi kiasi hicho unawezaje kupotosha umbo? Jibu ni kwamba namba ile ni muda wa kila mstari kupokea mwanga, na haihusiani na muda ambao picha nzima ilichukua kukamilika. Kila mstari ulifumbua jicho kwa sehemu moja ya 4,000 ya sekunde kisha ukafumba, lakini haukufumbua pamoja na wenzake. Kwa muda wowote ule, mistari isiyofika 40 kati ya 3,000 ndiyo iliyokuwa macho, na ukanda huo mwembamba wa mistari iliyo macho ulishuka kutoka juu mpaka chini kwa milisekunde 20 zilezile. Namba inayoonyeshwa inakuambia picha itakuwa na ukungu kiasi gani. Haikuambii chochote kuhusu upotofu wa umbo, na nadhani kamera zingetutendea haki kama zingeonyesha namba zote mbili.

Ndiyo maana pia jua letu linashiriki katika jambo hili. Lenzi ya simu nyingi ina tundu la kudumu lisilopanuka wala kufinyika, hivyo mwanga unapozidi, simu haina njia kubwa ya kuupunguza isipokuwa kufupisha muda wa kila mstari. Wakati wa magharibi, au siku ya mawingu mazito, muda huo hurefuka, pangaboi likaacha ukungu juu ya ukungu, na upotofu ukafunikwa. Jua likiwa kali kila mstari hukata umbo kwa makali kama ya wembe, na hapo mabapa ya pangaboi, yale makono yake yanayokata hewa, hujitokeza waziwazi yakiwa yamepinda.

Sasa lile umbo lenyewe. Pangaboi la Caravan linaruhusiwa kuzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, na aghalabu lina mabapa matatu. Tuchukue mizunguko 1,800 ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni mizunguko 30 kwa sekunde, na kwa milisekunde 20 pangaboi linakuwa limezunguka zaidi ya nusu ya mzunguko mmoja kamili. Kwa sehemu moja ya 4,000 ya sekunde, ambayo ni muda wa mstari mmoja, bapa husogea chini ya nyuzi tatu tu, na ndiyo sababu kingo zake zilionekana kali. Kwa hiyo kila mstari ulisema kweli kuhusu mahali bapa lilipokuwa wakati mstari huo ulipokuwa macho. Uongo ulizaliwa wakati kweli hizo 3,000 zilipopangwa moja juu ya nyingine kana kwamba zote ni za wakati mmoja.

Ukiwa ndani ya ndege hiyo ukitazama mbele, pangaboi linazunguka kuelekea upande ule mikono ya saa inakozunguka, kwa hiyo upande wa kulia mabapa yanashuka na upande wa kushoto yanapanda. Simu yangu, kwa jinsi nilivyoilaza, ilikuwa ikisoma kutoka juu kwenda chini. Kushoto, basi, mabapa yaliyokuwa yakipanda yalikutana uso kwa uso na mstari uliokuwa ukishuka, kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi, na kwa kuwa walipishana haraka, bapa lilichorwa jembamba, na kabla picha haijaisha bapa lingine lilikuwa limefika kuchukua zamu yake. Bapa moja laweza kuchorwa zaidi ya mara moja kwa njia hiyo, na ndiyo maana pangaboi la mabapa matatu lilionekana kama lina matano au sita. Kulia mambo yaligeuka: bapa lilikuwa likishuka pamoja na mstari unaoshuka, vikisindikizana, hivyo bapa lilelile likaandikwa katika mstari huu, na unaofuata, na unaofuata tena, mpaka likawa pana na lililojikunja. Na ncha ya bapa ilikuwa na kasi kuliko mstari wenyewe. Pangaboi hilo lina kipenyo cha mita 2.7 hivi, hivyo ncha zake husafiri mita 250 kwa sekunde, ilhali mstari wa simu yangu, ukipimwa kwa eneo lililoonekana mahali pa pangaboi, ulikuwa ukishuka kwa mita 150 hivi kwa sekunde. Sehemu ya bapa iliyo karibu na mhimili iliachwa nyuma na mstari, ncha iliupita mstari, na kati yao pakabaki pengo. Kipande kilichoelea peke yake hewani ni ncha iliyomtangulia mchoraji wake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watengenezaji hawakuifanya mistari yote isome pamoja. Walikwisha kuweza zamani. Kihisi cha aina ya CCD, kilichobuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Willard Boyle na George Smith, wagunduzi ambao walipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2009, hukusanya chaji za umeme na kuzisogeza kitone kwa kitone kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Katika namna yake moja iliyoenea sana, vitone vyote humwaga ndoo zao kwa wakati mmoja katika mifereji iliyofunikwa isifikiwe na mwanga, kisha ndoo hizo husomwa taratibu bila haraka, maana picha imekwisha kushikwa. Kamera ndogo nyingi za mwanzoni mwa karne hii zilikuwa hivyo. Lakini CCD hula umeme mwingi na huhitaji viwanda vya namna yake. Katika miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL, inayofanya kazi kwa ajili ya NASA, walikiendeleza kihisi cha CMOS ambacho kila kitone chake kina vikuza sauti vyake vidogo, ikiwa naruhusiwa kuviita hivyo vijisehemu vinavyokuza ishara ya umeme, na ambacho huweza kutengenezwa kwa mitambo ileile inayotengeneza chipu za kompyuta. Ni rahisi, kinakula umeme kidogo, na kinatosha kwenye simu. Bei yake ni foleni: vitone vyote vya safu wima moja vinatumia njia moja kwenda kwa kigeuzi kinachobadilisha umeme kuwa namba, kwa hiyo kila mstari husubiri zamu.

Ili mistari yote ifumbe jicho kwa pamoja katika CMOS, kila kitone lazima kiwe na kighala kidogo cha kutunzia kilichokusanywa mpaka zamu yake ifike, na kighala hicho kinachukua nafasi iliyopaswa kupokea mwanga, tena huongeza chengachenga katika sehemu za giza. Kamera za viwandani zina vihisi vya namna hiyo tangu zamani. Kwa kamera za fremu kamili za wapiga picha, Sony a9 III iliyotangazwa Novemba 2023 ndiyo ya kwanza ya aina yake isiyo na kioo cha ndani kuwa nacho, ikipiga picha 120 kwa sekunde. Nikon walipita njia nyingine katika Z9 ya mwaka 2021: waliharakisha usomaji wa mistari mpaka ukafika milisekunde chache tu, wakaiondoa kabisa shata ya mapazia, ule mlango mdogo mbele ya kihisi unaofungua na kuzuia mwanga. Bei za kamera zote mbili ni za kununulia bajaji, nami sina lolote kati ya hayo mawili.

Nilisema nilikuwa nikila kwa kamera. Kwa miaka kadhaa nilirekodi video za harusi, na jambo hili lilinipata ukumbini muda mrefu kabla halijanipata angani, ila sikulitambua. Kuna harusi moja ambayo siisahau. Bwana harusi ameushika mkono wa bibi harusi, pete imefika kwenye kifundo cha kidole, wageni wamejaa mbele na simu zao, na wapiga picha wenzangu watatu wanafyatua flashi. Nilipofika nyumbani kuhariri, nikakuta kwamba katika fremu nyingi za dakika ile nusu ya picha ilikuwa nyeupe kabisa na nusu ya kawaida, mpaka kati yao ukiwa umenyooka kama rula, wakati mwingine ukipita katikati ya uso wa bibi harusi. Familia iliniuliza kwa upole, na upole wao uliniumiza kuliko ukali. Nikawaambia ni kadi ya kumbukumbu iliyoharibika, na kwa dhati ya moyo niliamini hivyo, nikanunua kadi nyingine ya bei ghali.

Kadi haikuwa na kosa. Flashi huwaka kwa muda usiofika milisekunde moja au mbili, na mwako huo unapotokea, mistari iliyo macho ndiyo inayoupata. Ile iliyokwisha kufumba haiupati, na ile ambayo bado haijafumbua huukosa katika fremu hiyo. Mpaka ulionyooka usoni mwa yule bibi harusi ulikuwa mpaka wa wakati: juu yake ni kabla, chini yake ni baada. Ningelijua hilo, ningezungumza na wapiga picha wale kabla ya kuvishana pete, tukapanga nani afyatue lini, na familia ile ingekuwa na dakika yao nzima.

Taa za ukumbini nazo zina yao. Umeme wetu wa gridi unabadilika mara 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za bei rahisi za LED, na zile ndefu za zamani za fluoresenti, hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, jicho lisitambue. Kamera inayosoma mstari kwa mstari hutambua. Ukifupisha sana muda wa kila mstari, mistari inayofumbua taa ikiwa juu inapata mwanga, inayofumbua taa ikiwa chini inapata giza, na ukuta mweupe unatokea na michirizi kama ya khanga. Dawa yake ni kuuacha kila mstari upokee mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, au ya 100, ili kila mmoja upate kupanda na kushuka kote kwa taa, bila wa kupunjwa. Wanaofunga simu kwenye usukani wa bodaboda wanaujua upotofu mwingine wa jamii hiyohiyo: mtetemo wa injini unaitikisa kamera huku mistari ikiendelea kusomwa, na barabara, nguzo na majengo yakacheza kama bakuli la faluda.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu umeletwa na dijitali. Shata ya mapazia, ambayo Ottomar Anschütz wa Ujerumani aliipatia hataza mwaka 1888, ni upenyo mwembamba kati ya vitambaa viwili unaopita mbele ya filamu au bamba la kioo, na kila sehemu ya picha hupata mwanga upenyo unapofika kwake. Kijana wa Kifaransa aitwaye Jacques Henri Lartigue alisimama kando ya barabara katika mashindano ya magari mwanzoni mwa miaka ya 1910, akaliandama kwa kamera yake gari lililokuwa likipita mbio kuelekea kulia. Gurudumu likatokea yai lililoinamia mbele, na watu na nguzo za nyuma wakatokea wameinamia upande wa pili. Kwa kuwa lenzi huigeuza taswira juu chini, upenyo wake ulianza na ardhi ukamaliza na anga: chini ya gurudumu ilichukuliwa kwanza, juu ikachukuliwa baadaye, gari likiwa limeshasonga. Simu nyingi zikilazwa huanza na anga, kwa hiyo gari lilelile leo lingeegemea nyuma, kama linalokataa kwenda. Naamini picha ya Lartigue inaonekana ina mwendo kwa sababu hiyo tu, kwamba mshono wake ulianzia chini. Ungeanzia juu, huenda ingetupwa.

Iko picha moja ambayo upotofu huu haukuvumiliwa tu bali ulitafutwa kwa makusudi, nayo inatuhusu Watanzania kuliko nyingine zote. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia uwanjani wakimaliza mbio za marathoni, Petros akiwa mbele. Kilomita 42 na mita 195 zikaishia katika mita chache ambazo macho hayakuweza kuziamua. Wote wawili waliandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Aliyeamua ni kamera ya mstari wa mwisho, ikasema Simbu amemtangulia mwenzake kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya mashindano hayo.

Kamera ile si kamera ya kawaida iliyopiga haraka sana. Kihisi chake kinatazama mahali pamoja tu, mstari mwembamba wa kumalizia, na hakitazami pengine popote. Inachukua mstari mmoja wima, tena na tena, maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inaipanga mistari hiyo upande kwa upande. Katika picha inayotokea, kutoka kushoto kwenda kulia hakuna umbali hata kidogo. Kuna muda peke yake. Kila kitu unachokiona kilikuwa mahali pamoja, juu ya mstari, na vinatofautiana kwa saa ya kufika. Ndiyo maana miili katika picha hizo huonekana ya ajabu: mguu uliokanyaga mstarini na kutulia kidogo hunyooka mrefu kama ubao, kwa kuwa uliandikwa mara nyingi ukiwa palepale, na mkono uliopita kwa kasi hubanwa ukawa kijiti. Waamuzi hawajali hayo. Wanateremsha uzi wima mpaka uguse kiwiliwili cha mkimbiaji, maana kichwa, mikono na miguu havihesabiwi, nao wanasoma muda moja kwa moja kwenye picha. Ikiwa mtu anakimbia mita sita kwa sekunde, sehemu tatu za mia ni sentimita 18, urefu wa kalamu mbovu iliyochongwa mara kadhaa. Picha ya kawaida, hata yenye kupendeza kiasi gani, ingebishaniwa mpaka leo, kwa kuwa ingeonyesha walikuwa wapi kwa wakati fulani, huku swali likiwa walifika lini mahali fulani. Picha iliyopotoka ndiyo iliyojibu swali lililoulizwa.

Baada ya Tokyo niliacha kuutazama upotofu wa simu yangu kama uchafu, nikaanza kuuliza unapima nini. Hatua ya kwanza ni kujua mstari wa simu yako unashuka kwa muda gani, na kwa hilo taa mbovu ya LED ni rafiki. Niliisogeza simu karibu na taa ya barazani, moja ya zile zinazopepesa, ili simu ifupishe muda wake, nikapiga picha ya ukuta mweupe uliomulikwa nayo. Michirizi ikatokea. Kutoka mchirizi mmoja mweusi hadi unaofuata ni milisekunde 10, kwa kuwa taa inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kwenye picha yangu kulikuwa na nafasi mbili kamili na kama sehemu ya tano ya nafasi ya tatu. Simu yangu, basi, inahitaji milisekunde 22 kushuka kutoka juu hadi chini.

Wiki iliyofuata nilipanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Nilianza kwa kuishika simu imesimama, na nguzo zilizopita dirishani hazikulala upande wowote, bali zilinenepa. Nilipoigeuza juu chini zikakonda. Simu ikisimama, mistari yake nayo husimama, na usomaji huenda kutoka ubavu hadi ubavu: ukiandamana na nguzo, nguzo inapanuka, ukipishana nayo, inabanwa. Kisha nikailaza simu, na nguzo zote zikaanza kuinamia mbele, kuelekea tunakokwenda, kwa kuwa vichwa vyake vilichukuliwa kwanza na nyayo zake zikachukuliwa zikiwa zimeshabaki nyuma.

Kabla ya kufika Morogoro tulipita kontena lililowekwa peke yake kando ya reli, ubavu wake ukitukabili. Kwenye picha lilikuwa limelala kama sanduku lililosukumwa. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, popote duniani, na hilo ndilo lililonifurahisha. Nilipoichapisha picha, kontena lilichukua theluthi moja ya kimo cha picha, yaani lilishonwa kwa milisekunde saba na kitu. Nikaweka rula: kimo chake milimita 40, na ukingo wake wa juu ulikuwa umeutangulia wa chini kwa milimita tano, au nne na nusu ukipima kwa ubahili. Milimita tano ni sentimita 32 za kontena halisi. Sentimita 32 kwa milisekunde 7.3 ni mita 44 kwa sekunde, ambazo ni karibu kilomita 160 kwa saa, na milimita nne na nusu zinatoa 143 hivi. Treni ile mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Nimeandika hesabu hiyo kwa penseli nyuma ya picha, pamoja na zile milisekunde 22 za taa ya barazani, na nimeiweka kwenye bahasha moja na ile ya pangaboi.